Kufufua baiskeli ya resi iliyokaa stoo miaka mingi: mwongozo kamili, rangi mwisho

Shida huwa ni ile ile. Mtu anapata resi ya zamani, zile za fremu nyembamba na usukani umekunjwa chini, labda mzee aliiacha stoo huko Maseno ama ameipata kwa mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, na kitu ya kwanza anafanya ni kununua kopo la rangi ya kupuliza. Fremu inang'aa. Halafu ndio anagundua kiti hakipandi wala hakishuki, kotapini (pini inayoshika mkono wa pedali) imekataa kutoka, tairi aliyonunua inaruka nje ya rimu ikijazwa upepo, na rangi yote mpya inakwaruzwa na nyundo ya fundi. Baiskeli inarudi stoo, safari hii ikiwa maridadi.

Hapa tunageuza mambo. Rangi iko mwisho kabisa na baiskeli nyingi hata hazitaihitaji. Kazi yenyewe ni mbili tu: kufungua vitu zilizoshikana bila kuvunja, na kupima kabla ya kununua.

## Vitu za kuwa nazo kwanza

Usifungue hata nati moja kabla hujapata hizi, juu baiskeli ikikaa nusu imefunguliwa kwa nyumba yenye watoto, goroli zinaenda kuchezewa.

- Spana namba 8 hadi 17, na spana kubwa ya kurekebisha
- Spana nyembamba za koni, 13 na 15 (koni ni zile nati za kubana goroli za gurudumu; spana za kawaida ni nene, haziingii)
- Alenki 4, 5 na 6
- Nyundo, kipande cha mbao ngumu, na bomba fupi la chuma lililo wazi katikati
- Mafuta ya kupenya kutu, ya kopo
- Mafuta ya taa nusu lita, bakuli la zamani na mswaki
- Mkebe mdogo wa grisi ya beringi za gari
- Vinega nyeupe, foili ya jikoni, na magadi kidogo, yale yale ya kupikia mboga
- Rula ya chuma yenye inchi na milimita, na kaliperi kama unaeza kuazima
- Kamba nyembamba, ndefu kama mita tatu
- Vikopo vya kuweka goroli na nati, kila sehemu na kopo lake

Kifaa cha kutoa kranki (mikono ya pedali) na cha kutoa friwili (gia za gurudumu la nyuma) usinunue sasa. Subiri ujue yako ni ya aina gani.

## Hatua ya 1: Kagua fremu kabla shilingi haijatoka

Hii ndio hatua watu huruka na ndio inaamua kama kuna kazi ya kufanya. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha angalia maungio yote kwa mwanga wa jua. Angalia sana chini ya mabomba mawili ya mbele, pale yanapokutana na bomba la usukani. Ukipitisha kidole na usikie kivimbe ama rangi imepasuka kwa mstari wa kuzunguka, hiyo baiskeli iligonga kitu na fremu imejikunja. Gonga chini ya kikombe cha kranki pia (pale kranki inazungukia kwa fremu), maji hukaa hapo miaka na kula chuma kutoka ndani.

Sasa kamba. Funga upande mmoja pale ekseli ya nyuma inakaa, ipitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, irudishe hadi upande wa pili na uikaze. Pima nafasi kati ya kamba na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikipishana milimita 2 ama 3, endelea. Zikipishana sentimita nzima, nyuma imepinda na unahitaji mtu anayejua kunyoosha fremu, sio mtu yeyote mwenye nguvu.

Onyo: ukipata ufa, usikimbilie welding ya umeme ile ya mageti. Mabomba ya resi nzuri ni membamba, sehemu zingine hata milimita 1 hazifiki, na ile moto inatoboa ama inaacha pembeni pakiwa dhaifu, halafu panakatika ukiwa juu yake.

Na ukiona stika imeandikwa Reynolds 531, iache hapo ilipo hata kama imechanika. Hiyo ndio inaambia mtu fremu ni ya nini.

## Hatua ya 2: Picha, mafuta, na kungoja

Piga picha kila upande, kila kebo inapopita, kila washa ilivyopangwa. Utazihitaji.

Kisha tia mafuta ya kupenya kila mahali chuma kimeingia ndani ya chuma: juu ya shingo ya usukani, pale bomba la kiti linaingia kwa fremu, kotapini, nyuzi za pedali, boliti za breki, nati za magurudumu. Halafu acha. Rudia asubuhi na jioni kwa siku mbili ama tatu. Mafuta yanaingia polepole kwa nafasi ndogo sana na hakuna nyundo inaeza kuyaharakisha. Karibu kila kitu unaona kimevunjika kwa baiskeli za zamani kilivunjwa na mtu aliyekataa kungoja siku mbili.

## Hatua ya 3: Kiti na shingo ya usukani

Hapa tukae kidogo juu hapa ndio watu wengi hukwama.

Bomba la kiti kwa resi nyingi ni la alumini na fremu ni ya chuma. Hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu, alumini inatoa unga mweupe unaofura na kubana kila mahali, sio kutu ya kawaida. Ndio maana kuvuta peke yake hakusaidii. Kinachosaidia ni kuzungusha.

Toa boliti ya kubana kiti kabisa, usiilegeze tu. Acha kiti kikiwa juu, ndio mkono wako, kishike mbele na nyuma ukizungushe kidogo kulia, kidogo kushoto. Kikisonga hata milimita moja umeshinda, ongeza mafuta, rudia, usianze kuvuta saa hiyo.

Kikikataa, mwagia maji ya moto sana pale juu ya fremu, acha ipoe kabisa, rudia mara kadhaa. Alumini hutanuka kuliko chuma ikipata moto, na hunywea kuliko chuma ikipoa, kwa hivyo kinachofungua ni ile kupanda na kushuka, na kati ya kila mzunguko unatia mafuta tena. Ukishatoa kranki unaeza pia kugeuza baiskeli miguu juu na kumwaga mafuta yaingie kutoka chini, ukipitia ndani ya bomba.

Njia ya mwisho ni kutoa kiti, kufunga kichwa cha bomba kwa vaisi kubwa, na kuzungusha fremu yenyewe. Watu wawili, mikono karibu na bomba la kiti na sio mwisho wa fremu, juu ukizungusha kutoka mwisho unaipinda. Likikataa hapo pia, bomba linakatwa na kupasuliwa kutoka ndani kwa msumeno, kazi ya subira sana, na bomba jipya linanunuliwa.

Likitoka soma namba ya milimita iliyogongwa chini: 27.2, 26.8, 26.4 na kadhalika. Hizo desimali zina maana. Fundi atakuambia ya 26.4 inaingia kwa fremu ya 26.8, ukiweka kibati, na ni kweli inaingia, lakini utakaza ile boliti hadi masikio ya fremu yakutane na siku moja sikio moja linakatika.

Shingo ya usukani ni rahisi zaidi kama unajua siri yake. Boliti ya juu, mara nyingi alenki 6, inavuta kabari iliyo ndani kule chini. Ilegeze mizunguko mitatu, USIITOE. Weka mbao juu yake na upige mara moja kwa nguvu. Kichwa cha boliti kikishuka kuingia, kabari imeachilia, sasa banisha gurudumu la mbele kati ya magoti na uzungushe usukani. Wanaotoa boliti kabisa wanaacha kabari imekwama ndani na hakuna kitu cha kuigonga.

Umefaulu ikiwa: baada ya kusafisha na kupaka grisi, kiti na shingo vinaingia na kutoka kwa mkono mtupu.

## Hatua ya 4: Pedali, kranki, kikombe

Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Njia ya kutochanganyikiwa ni hii: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, pande zote mbili unaivuta kuelekea nyuma ya baiskeli ili kufungua. Basi.

Kama kranki imeshikwa na kotapini, legeza nati hadi ilingane na mwisho wa pini, isizidi isipungue, ili upige nati na pini pamoja bila kuharibu nyuzi. Weka lile bomba la chuma chini ya kranki, likisimama sakafuni, kichwa cha kotapini kikiwa ndani ya tundu lake. Halafu pigo moja zito. Bila hilo bomba nguvu yote inaenda kwa goroli na kuzichimbia mashimo, na ukipiga kidogo kidogo mara ishirini unafanya pini ichanue kama uyoga na sasa haitoki kabisa. Vaisi ikipatikana ni bora kuliko nyundo. Kotapini mpya peleka na ile ya zamani ulinganishe, kuna za milimita 9 na za 9.5, na ukirudisha, pini mbili zinaangalia pande tofauti, sivyo mikono ya kranki haitakaa mstari mmoja.

Kama haina kotapini bali boliti katikati, toa boliti NA washa yake, kisha ndio ufunge kifaa cha kutoa kranki hadi mwisho wa nyuzi. Washa ikibaki ndani, kifaa kinang'oa nyuzi za alumini. Kifaa cha kawaida ni cha milimita 22. Kranki za Stronglight na TA za zamani, za Ufaransa, ziko na saizi zake za 23.35 na 23.

Kikombe cha kushoto kinafunguka kawaida, kinyume cha saa. Cha kulia ndio mtego. Kwa baiskeli za kipimo cha Uingereza kinafunguka kwa kufuata saa. Kwa za Italia na nyingi za zamani za Ufaransa kinafunguka kinyume cha saa. Pima upana wa ile nyumba ya kikombe: milimita 70 ni Italia, 68 ni Uingereza ama Ufaransa. Lakini ushauri wangu, kikombe cha kulia kikiwa hakina mashimo, kisafishe hapo hapo kilipo na ukiache. Hakuna zawadi ya kukitoa.

Raleigh nyingi zilizotengenezwa Nottingham ziko na nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24, kwa hivyo vikombe vyake usivitupe hata vikionekana vimechoka, kupata vingine ni shida kubwa. Peugeot za zamani nazo zina nyuzi zake za Kifaransa, hadi pedali.

## Hatua ya 5: Goroli na grisi

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Sio petroli, mvuke wake ni hatari na cheche moja inamaliza stoo. Kausha kisha angalia koni na vikombe kwa tochi: mstari laini unaong'aa ni sawa, vishimo vidogo ni vya kubadilisha.

Goroli badilisha zote, ni bei ndogo, na usichanganye mpya na za zamani kwa sababu zile kubwa kidogo ndizo zitabeba uzito wote. Kwa kawaida habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele ni 3/16 ya inchi, kumi kila upande. Ya nyuma ni 1/4, tisa kila upande. Kwenye kranki ni 1/4, kumi na moja kila upande zikiwa huru bila kijumba (kile kibati cha kuzishika pamoja). Za usukani hupishana, 5/32 ama 3/16, nenda na sampuli. Usijaze hadi zibanane, acha nafasi ndogo.

Kukaza koni ni kazi ya vidole. Kaza hadi mchezo uishe, rudisha nyuma robo mzunguko, shika koni kwa spana nyembamba huku ukikaza loki nati. Jaribu tena, juu loki nati ikikazwa hubadilisha kila kitu.

Umefaulu ikiwa: ukizungusha ekseli kwa vidole husikii mchanga, na ukitikisa gurudumu kushoto kulia halichezi.

## Hatua ya 6: Kutu

Kwa kromu, kunja foili, ichovye kwa maji, sugua. Foili ni laini kuliko kromu kwa hivyo haikwaruzi, na kutu inatoka ikiwa tope jeusi. Utashangaa. Nati na boliti ndogo za chuma lowesha kwa vinega usiku mmoja, sugua kwa mswaki, kisha osha kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha mara moja na upake mafuta, sivyo kesho zina kutu mpya ya rangi ya machungwa.

Usiweke cheni, springi wala kitu cha alumini kwa vinega. Asidi inaweza kufanya chuma kigumu kiwe chepesi kukatika, na alumini inaliwa tu.

## Hatua ya 7: Magurudumu, na ile hadithi ya saizi ya tairi

Hapa ndio pesa nyingi hupotea. Jina la inchi kwa tairi halikuambii kitu. Tafuta namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni, kama 32-630. Ya pili ndio kipenyo cha mahali tairi inakaa kwa rimu, na lazima ilingane kabisa.

Resi nyingi za zamani ni inchi 27, yaani 630. Za 700C ni 622. Tairi ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, 28 x 1 1/2, ni 635. Sasa ona mitego: 28 ya Mamba sio 700x28C, na 27.5 ya baiskeli za mlima ni 584, haina undugu wowote na 27. Ukiweka 635 kwa rimu ya 630 itaingia kwa urahisi sana, utafurahi, utajaza upepo, na italipuka ikitoka. Dukani sema tu, "Fundi, nisaidie tuivalishe kwa rimu yangu kabla sijalipa." Beba rimu, usibebe maelezo.

Ukikosa 630 kabisa, kuna njia: tafuta magurudumu ya 700C. Rimu itakuwa chini kwa milimita 4, na breki nyingi za zamani zina nafasi ya kushusha raba kiasi hicho. Pima nafasi hiyo kwanza, na upana wa fremu nyuma pia. Za gia tano ni milimita 120, za sita na saba ni 126, na magurudumu ya kisasa ni 130 kwenda juu.

Tundu la valvu pia liangalie. Rimu nyingi za resi zimetobolewa milimita 6.5 kwa valvu nyembamba ya Presta na tubu za kawaida za huku zinataka 8.5. Kupanua tundu kwa rimu nyembamba kunaidhoofisha, tafuta tubu ya valvu nyembamba kwanza.

Kunyoosha: tia mafuta kwa kila nipeli (kinati cha mwisho wa spoki) siku moja kabla. Tumia raba za breki kama kipimo. Rimu ikielemea kushoto, kaza spoki za kulia robo mzunguko na ulegeze za kushoto kiasi hicho hicho, mahali pale tu. Ukiangalia kutoka upande wa tairi, kufuata saa ni kukaza. Robo, sio nzima.

Jaza upepo nusu, zungusha gurudumu uangalie ule mstari wa tairi karibu na rimu, ukiwa sawa pande zote ndio umalizie. Rimu za zamani zisizo na ukingo wa kushika tairi usizipitishe psi 70.

## Hatua ya 8: Cheni na gia

Pima inchi 12 kwa rula kutoka katikati ya pini moja. Cheni nzima inaangukia pini kwa 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, badilisha cheni. Ikipita kwa 1/8, friwili pia imeliwa na cheni mpya itaruka juu yake. Cheni ya Mamba ni 1/8 kwa upana, ya gia ni 3/32, usikubali "hii itafanya".

Friwili kama inazunguka usiitoe, mwagia mafuta ya taa hadi yatoke safi, acha ikauke, tia mafuta mazito ya injini. Ukilazimika kuitoa, angalia kwanza pale kifaa kinashika ni pa meno mawili, manne ama mikunjo, ununue kifaa chake halisi, na ukibane kwa nati ya ekseli ili kisiteleze.

## Hatua ya 9: Breki, halafu barabara

Kebo zote mpya na ganda zake, bila kujadiliana. Kebo ya breki ya resi ina kichwa kama peasi, ya baiskeli za mlima ina kichwa bapa kama pipa dogo, haikai vizuri kwa mkono wa resi na inaeza kuchomoka. Raba za zamani zimekuwa jiwe, tupa. Kama rimu ni za chuma zenye kromu, jua kwamba zikilowa breki inapungua sana, na mvua ya Kisumu huja jioni bila kubisha hodi, kwa hivyo punguza mwendo mapema.

Finya kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama, mara kumi. Kebo ikitaka kuteleza iteleze hapo. Mkono wa breki usiguse usukani.

Safari ya kwanza iwe kwa tambarare, upande wa Kibos ama barabara ya Ahero asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Usianze kwa kupanda Riat, juu shida sio kupanda, ni kushuka na breki hujazizoea. Beba spana. Baada ya kilomita kadhaa simama ukaze kotapini ama boliti za kranki, shingo, kiti, nati za magurudumu, na siku inayofuata angalia tena kama rimu zimeyumba, juu spoki zilizokazwa upya hujipanga zikibebeshwa uzito.

## Hatua ya 10: Rangi, kama bado unaitaka

Iendeshe mwezi mmoja kwanza. Mahali penye chuma wazi sugua kwa msasa laini, pangusa, paka praima ya kuzuia kutu na urembe hapo tu kwa rangi inayokaribiana. Rangi ya kiwandani iliyokwaruzika bado inashika kuliko ya kopo iliyopulizwa juu ya grisi. Ukiamua kupaka yote, toa kila kitu, ziba nyuzi za kikombe na sehemu za goroli kwa karatasi na gundi, na ndani ya mabomba mimina mafuta kidogo ukigeuza fremu huku na huku kabla ya kurudisha kiti.